Bibi arusi wa Kidichi na wafalme wa Qajar

Swali: Mwalimu, shikamoo. Juzi tulipeleka wageni kwenye hamamu ya Kidichi, na mtembezaji akatueleza kuwa Seyyid Said aliijenga kwa ajili ya mkewe, binti wa kifalme wa Uajemi. Naomba kujua: ukoo huo ndio chimbuko la Washirazi wetu? Na ni kweli kwamba wafalme wao waliiuza nchi kwa Wazungu hadi wakaondolewa? Kuna chochote walichoacha? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Marahaba. Swali lako la pili nitalijibu kwa urefu kuliko mengine, kwa sababu ukoo huu umezoeleka kuhukumiwa kwa neno moja tu, "wauza nchi", na mimi naamini hukumu hiyo imefika nusu ya njia.

Bibi huyo alitoka ukoo wa Qajar, uliotawala Uajemi, ndiyo Iran ya leo, tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1925, wafalme saba kwa jumla. Vitabu vya historia ya Zanzibar humtaja kwa jina la Shahrazad, au Binti Irich Mirza, mjukuu wa Fath-Ali Shah, mfalme wa pili wa Qajar. Seyyid Said alimwoa katika miaka ya 1840 na hamamu ikajengwa mnamo 1850. Ndoa hiyo ilikuwa na siasa yake ndani. Watawala wa Oman walikuwa wamekodi bandari ya Bandar Abbas kutoka kwa wafalme hao hao wa Uajemi, kwa hiyo pande mbili hizi zilikuwa majirani wa Ghuba waliohitajiana na kuviziana. Mkienda tena Kidichi, waonyeshe wageni mapambo ya chokaa kutani, yale maua na ndege: huo ni mtindo wa Kiajemi. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, amemwandika mama yake huyo wa kambo katika kumbukumbu zake kama mwanamke aliyependa farasi na kuwinda, jambo lililowashtua watu wa jumbani. Ndoa haikudumu, na bibi akarudi kwao.

Washirazi wa mwambao ni habari nyingine kabisa. Masimulizi ya Kilwa juu ya Ali bin Hassan na majahazi saba yanazungumzia karne nyingi kabla ya Qajar, na Shiraz yenyewe iko kusini mwa Iran. Wa-Qajar walikuwa kabila lenye asili ya Kituruki, kwao ni Astarabad, kaskazini, karibu na Bahari ya Kaspi. Walipokalia kiti cha enzi, Kilwa ilikuwa imeshang'ara na kufifia. Kwa hiyo tusiwachanganye.

Mwanzilishi wao, Agha Mohammad Khan, alihasiwa akiwa mtoto na mtawala aliyekuwa hasimu wa familia yake. Baadaye akakaa miaka mingi kama mateka katika kasri la Karim Khan Zand, mtawala wa Uajemi wa wakati huo, huko huko Shiraz. Karim Khan alipofariki, 1779, alikimbilia kaskazini kwa watu wake akaanza vita vilivyochukua miaka kama 15. Mwaka 1786 aliifanya Tehran, wakati huo mji mdogo usio na sifa kubwa, kuwa makao yake makuu, na imebaki hivyo hadi leo. Aliiunganisha tena nchi iliyokuwa vipande vipande, lakini kwa ukatili wa kutisha: Kerman ilipoanguka 1794 wanaume kwa maelfu walipofushwa kwa amri yake. Mwaka 1797, akiwa Shusha, aliwahukumu kifo watumishi wake waliogombana kwa kelele, akaahirisha adhabu, akawaacha waendelee kumhudumia. Wakamuua kabla hawajauawa wao.

Kwa kuwa hakuwa na mtoto, kiti kilikwenda kwa Fath-Ali Shah, mtoto wa nduguye, ambaye yeye aliacha watoto zaidi ya 100. Hili si la kuchekesha, ni jambo la utawala. Wana wa mfalme waligawiwa majimbo, kila mmoja akawa na jumba lake, walinzi wake na makarani wake wa kodi, na hazina ya Tehran ikapata kile tu walichoamua kupeleka. Ukitaka kuelewa kwa nini wajukuu wao walikuja kuuza kila kitu, anzia hapo: mfalme alikuwa na majina makubwa na mavazi ya vito, lakini hakuwa na jeshi la kudumu la maana wala mfumo wa kodi.

Halafu wakaja Warusi. Vita viwili, na kila kimoja kikaisha kwa mkataba. Wa Gulistan, 1813, uliwapokonya Georgia, Dagestan na sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Azerbaijan. Wa Turkmenchay, 1828, uliwapokonya Yerevan na Nakhchivan, ukaweka mpaka kwenye mto Aras, ukawatoza fidia ya rubo milioni 20 za fedha, na ukawapa raia wa Urusi haki ya kutohukumiwa na mahakama za Uajemi. Mpaka ule wa Aras ndio ule ule unaouona kwenye ramani ya leo. Hadi sasa Mwirani akitaka kusema mapatano fulani ni ya aibu, huyafananisha na Turkmenchay, na kila mtu anaelewa.

Tangu hapo nchi ikawa katikati ya mafahali wawili. Urusi ilisukuma kutoka kaskazini, Uingereza ikasukuma kutoka kusini kwa sababu ya India, na wafalme wa Qajar wakajifunza siasa moja tu: akipewa huyu, apewe na yule. Siasa hiyo iliokoa jambo moja ambalo wakosoaji wao huwa hawalitaji. Uajemi haikuwahi kufanywa koloni rasmi, wakati nchi nyingi kati ya Cairo na Delhi zilimezwa. Lakini bei yake ililipwa na wananchi.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwapo, na ilikuwa na jina la mtu. Naser al-Din Shah alipotawazwa 1848 alikuwa kijana wa miaka 17, na waziri mkuu wake alikuwa Mirza Taqi Khan, anayejulikana kama Amir Kabir. Baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya waziri. Mtoto wa mpishi akasoma humo humo, akapanda cheo kwa cheo, na alipopata madaraka akafanya kwa miaka mitatu kazi ambayo ukoo mzima haukuifanya kwa nusu karne. Alipunguza posho za wana wa kifalme, akafuatilia kodi, akaanzisha gazeti la serikali, na akajenga Dar ul-Funun, chuo cha ufundi, tiba na mambo ya kijeshi, kilichofunguliwa Desemba 1851. Yeye hakukiona kikifunguliwa kama waziri. Mama wa mfalme na wale waliokatiwa posho walikuwa wameshamsemea mabaya, akafukuzwa kazi akapelekwa Kashan, kwenye bustani ya Fin. Mkewe alikuwa dada wa mfalme mwenyewe, na inasimuliwa kwamba alikuwa akionja chakula cha mumewe kwanza, kwa kuhofia sumu. Januari 1852 alipoingia hamamu ya bustani ile, wauaji waliotumwa kutoka Tehran wakamkata mishipa. Hamamu hiyo ipo, na watu huenda kuizuru mpaka leo.

Kwangu mimi, hilo ndilo kosa kubwa kabisa la ukoo wa Qajar, kubwa kuliko vita walivyoshindwa. Kushindwa na Urusi kungempata yeyote. Kumuua Amir Kabir walikuchagua wenyewe.

Baada ya hapo mfalme akatawala karibu nusu karne nyingine. Alikuwa mtu mwenye kipaji: alichora, alipiga picha kwa mkono wake wakati kamera bado ni kitu kigeni, alisafiri Ulaya mara tatu akaandika shajara za safari. Safari zilihitaji fedha, na hapo ndipo biashara ya vibali inapoingia. Mwaka 1872 alimpa Baron Julius de Reuter, mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters, haki za reli, migodi karibu yote, misitu na mifereji, pamoja na forodha. Hata Waingereza wenyewe walishangaa kuona nchi ikitoa rasilimali zake zote kwa mtu mmoja. Kibali hicho kilifutwa mwaka uliofuata, kwa kelele za Warusi na za watu wa ndani.

Cha tumbaku ndicho kilichobadilisha historia. Machi 1890 mfalme alimpa Mwingereza aitwaye Talbot ukiritimba wa tumbaku yote ya Uajemi, kulima isiwe kwake, lakini kununua, kuuza na kusafirisha nje viwe vyake peke yake, kwa miaka 50. Hazina ingepata pauni 15,000 kwa mwaka na robo ya faida. Fikiria maana yake kwa mkulima wa Shiraz au mwenye duka sokoni Tabriz: zao ambalo babu zake waliliuza kwa wamtakaye, sasa mnunuzi ni mmoja, mgeni, na bei anapanga yeye. Na tumbaku ilikuwa kila mahali. Kiko cha maji, hiki kinachoitwa shisha siku hizi, kilikuwa barazani na msikitini, kwenye maduka ya chai na katika vyumba vya wanawake.

Ghasia zikaanza Shiraz, zikaenea Tabriz na Isfahan. Kisha Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi, mwanazuoni mkubwa aliyekuwa Samarra, Iraq: kutumia tumbaku kwa namna yoyote ni sawa na kumpiga vita Imamu wa Zama, yule imamu wa kumi na mbili anayengojewa na Mashia. Maneno machache tu. Maduka ya tumbaku yakafungwa, watu wakavunja viko vyao. Ndani ya jumba la mfalme lenyewe watu wakagoma: wake zake wakaondoa viko, watumishi wakakataa kumwandalia. Inasimuliwa kwamba alipomuuliza mmoja wa wakeze nani aliyeharamisha tumbaku, alijibiwa kuwa ni yule yule aliyemhalalishia mfalme kuwa mume wake.

Januari 1892 kibali kikafutwa. Kampuni ikadai fidia, na serikali ikakopa pauni 500,000 kutoka benki ya Waingereza iliyokuwa Tehran ili kuilipa. Hilo likawa deni la kwanza la Uajemi kwa wageni, na ushuru wa forodha wa Ghuba ukawekwa rehani.

Nimekaa hapa kwa makusudi. Ule mgomo ulikuwa mara ya kwanza wafanyabiashara wa sokoni, maulamaa, wasomi wapya na wanawake wa majumbani kusimama pamoja nchi nzima na kumlazimisha mfalme arudi nyuma, tena bila jeshi. Simu za waya, zilizowekwa kwa faida ya watawala na Waingereza, ndizo zilizopeleka habari za mgomo mji hadi mji. Mtu anayesoma mapinduzi ya Iran ya 1979 bila kuujua mgomo wa tumbaku ataona soko na msikiti vikishirikiana na kushangaa ushirika huo umetoka wapi.

Naser al-Din alipigwa risasi tarehe 1 Mei 1896 kwenye kaburi takatifu la Shah Abdol-Azim, kusini mwa Tehran, wakati maandalizi ya kuadhimisha miaka 50 ya utawala wake kwa kalenda ya Kiislamu yakiendelea. Muuaji, Mirza Reza Kermani, alikuwa mfuasi wa Jamal al-Din al-Afghani, mwanafikra wa Kiislamu aliyempinga mfalme, na alikuwa amewahi kuteswa gerezani. Inasimuliwa kwamba waziri mkuu aliuketisha mwili ndani ya gari la farasi kama mtu aliye hai hadi jumbani, ili mji usilipuke.

Mwanawe, Mozaffar al-Din, alikuwa mgonjwa na mpole, na alikopa kwa Warusi kugharimia safari za matibabu Ulaya. Mei 1901 akatia saini kibali alichopewa mfanyabiashara Mwingereza William Knox D'Arcy cha kutafuta mafuta karibu nchi nzima, isipokuwa majimbo matano ya kaskazini, kwa miaka 60: pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani kama hiyo, na asilimia 16 ya faida. Hakuna aliyekuwa na hakika kama mafuta yapo. Yalipatikana Masjed Soleyman Mei 1908, na kampuni iliyozaliwa hapo baadaye ndiyo ikawa BP.

Wakati huo huo watu walikuwa wameshajifunza njia. Desemba 1905 gavana wa Tehran aliamuru wafanyabiashara wa sukari wachapwe nyayo kwa madai kwamba wamepandisha bei, na mmoja wao alikuwa mzee aliyeheshimika. Soko likafunga. Kiangazi cha 1906 watu zaidi ya 12,000 wakaingia kwenye bustani ya ubalozi wa Uingereza na kukaa humo wiki kadhaa, kila chama cha mafundi na hema lake, vyungu vikubwa vya wali vikipikwa kwa zamu. Walianza kwa kudai haki za waliopigwa, wakaishia kudai bunge. Mfalme akakubali Agosti, na mwisho wa Desemba 1906 akaitia saini katiba. Siku chache baadaye akafariki.

Hapa ndipo ninaposema hukumu ya "wauza nchi" ni nusu. Waliuza, ndiyo. Lakini chini ya utawala wao, na mara nyingi dhidi yao, Uajemi ilipata moja ya katiba za mwanzo kabisa Asia, na saini iliyo chini yake ni ya mfalme wa Qajar.

Aliyemfuata aliitaka saini hiyo ifutike. Mohammad Ali Shah alilishambulia bunge kwa mizinga Juni 1908, akitumia Kikosi cha Kosaki, askari wa Kiajemi chini ya maofisa wa Kirusi, kilichoanzishwa 1879 ili kumlinda mfalme. Mwaka mmoja kabla, Urusi na Uingereza zilikuwa zimeshapatana kuigawa nchi katika maeneo ya ushawishi bila kumwuliza mwenyewe. Tabriz ikakataa kuinama, ikazingirwa miezi mingi ikila majani, ikiongozwa na Sattar Khan na Baqer Khan, watu wa kawaida wa mitaani. Julai 1909 wanakatiba wakaingia Tehran, mfalme akaondolewa, na mwanawe Ahmad, ambaye hakuwa amefika miaka 13, akawekwa kitini.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipita juu ya Uajemi ingawa ilitangaza kutofungamana na upande wowote, na njaa ya 1917 hadi 1919 ikaua watu wengi sana. Februari 1921 ofisa mmoja wa kile kile Kikosi cha Kosaki, Reza Khan, aliingia Tehran na askari wake akashika madaraka. Ahmad Shah akaondoka kwenda Ulaya 1923 na hakurudi tena. Tarehe 31 Oktoba 1925 bunge likauvua ufalme ukoo wa Qajar, na Reza Khan akawa Reza Shah Pahlavi. Ahmad alifariki karibu na Paris 1930, akazikwa Karbala. Kikosi kilichoundwa kuwalinda ndicho kilichowatoa, na hakukuwa na mtu wa kuwapigania.

Kuhusu walichoacha: Tehran yenyewe ni yao, na kasri la Golestan, lenye vigae vya rangi na ukumbi wa vioo, limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2013. Humo zimehifadhiwa albamu za picha za enzi ya Naser al-Din. Wazao wao ni wengi mno, Iran, Ulaya na Marekani, na wengi walishika kazi za kawaida: madaktari, wasanifu majengo, waandishi.

Mmoja nitamtaja, kwa sababu anajibu swali lako kuliko majengo. Mohammad Mosaddegh, mama yake alikuwa binti wa kifalme wa Qajar. Siku ile ya 1925 alikuwa miongoni mwa wabunge wachache waliosimama kupinga. Hakumtetea Ahmad Shah. Alisema waziri mkuu mwenye nguvu kama Reza Khan akifanywa mfalme, ama atakuwa mfalme wa kikatiba asiye na kazi na nchi itampoteza mtendaji, ama atashika ufalme na serikali kwa pamoja, na huo utakuwa udikteta. Likatokea la pili. Mwaka 1951, akiwa waziri mkuu, Mosaddegh aliyataifisha mafuta ambayo njia yake kwa Waingereza ilifunguliwa na kibali cha 1901, kile alichotia saini mfalme wa ukoo wa mama yake. Agosti 1953 alipinduliwa kwa msaada wa Marekani na Uingereza, akahukumiwa, akafungiwa nyumbani kijijini Ahmadabad hadi alipofariki 1967. Muda wote huo katiba ya 1906 ilikuwa bado ndiyo sheria ya nchi kwa maandishi, na ilibaki hivyo mpaka mapinduzi ya 1979.